Bunge ni Nini, na Katiba ni Nini?

Yako maneno mawili ambayo siku hizi husikika mara kwa mara vinywani mwa watu, nayo ni Bunge na Katiba. Hapa kwetu Mwembesongo husikika sokoni na penye wauza kahawa, tena husikika mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Walakini wengi huyatumia kana kwamba ni jambo moja lenye majina mawili. Mmoja husema, "Katiba imetupandishia kodi," na hali kodi hupandishwa kwa sheria ya Bunge. Mwingine husema, "Bunge limetupa ruhusa ya kuabudu," na hali uhuru ule umeandikwa katika Katiba, Ibara ya 19, wala Bunge haliwezi kuufuta kwa sheria ya kawaida. Asiyejua tofauti hii si mjinga, maana mambo yenyewe yamekaribiana sana. Lakini hasara yake ni kubwa: mtu akionewa hatajua apeleke neno lake wapi.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno katiba asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni moja na la kitabu, katibu na maktaba; yote yahusu kuandika. Basi Katiba ni maandiko. Ndiyo sheria iliyo kuu kupita sheria zote za nchi, inayoeleza nchi ni ya namna gani, nani atatawala, atapatikanaje, atakaa muda gani, ana mamlaka gani, na mamlaka hayo yatakoma wapi. Bunge ni watu. Ni mkutano wa watu waliochaguliwa au kuteuliwa ili watunge sheria, waisimamie Serikali, na wakubali au wakatae matumizi ya fedha za nchi. Mbunge waweza kumpa mkono na kumwuliza neno, na asipokujibu vema waweza kumnyima kura yako. Katiba haina mkono wala kinywa. Hiyo yatupasa kuisoma.

Iko na alama nyingine ya kuyapambanua. Bunge lina mwisho wake. Kila baada ya miaka 5 huvunjwa, na waliokuwa Wabunge hurudi kwao kuomba kura kama watu wengine. Je, siku hizo nchi imekosa Katiba? Hata kidogo. Katiba yabaki mahali pake, na ndiyo iliyoamuru uchaguzi ufanyike, ndiyo inayosema nani afaa kuchaguliwa, na ndiyo itakayowapa waliochaguliwa mamlaka ya kuketi. Kwa hiyo Bunge ni mtoto wa Katiba. Lakini ni mtoto aliyepewa ruhusa ya kumbadili mzazi wake, na hapo ndipo penye ugumu wa somo letu, kama tutakavyoona.

Wazee wa milima ya Uluguru hawataliona jambo hili kuwa geni. Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo husimamiwa na mkuu wa ukoo. Yeye huwagawia watu mashamba, lakini ardhi si mali yake. Ameipokea kwa ajili ya walio hai na watakaozaliwa. Basi wakuu wakikutana kuamua shamba fulani alilime nani, mkutano ule ni mfano wa Bunge. Ile desturi isemayo ardhi ni ya ukoo, na kwamba urithi hupita kwa mama, ni mfano wa Katiba. Wakuu hawakuitunga desturi ile siku walipoketi. Wameketi kwa sababu desturi ilikuwako. Mfano huu haufanani kwa kila jambo, maana desturi haikuandikwa, nayo Katiba yetu imeandikwa. Hata hivyo usidhani kwamba kila taifa limeandika. Uingereza ina Bunge la zamani sana, lakini haina kitabu kimoja kiitwacho Katiba. Mambo yake yametawanyika katika sheria nyingi, hukumu za mahakama na desturi. Na sisi washarika twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililopatikana kwa kuungana kwa makanisa saba tarehe 19 Juni 1963, lina Katiba na lina Mkutano Mkuu, wala sijasikia mtu akiyachanganya hayo mawili.

Sasa tutazame Bunge letu. Katiba yasema, katika Ibara ya 62, kwamba Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Wengi hustaajabu wakisikia hivyo, maana Rais si Mbunge. Lakini maana yake yaonekana sheria inapotungwa. Muswada ukiisha kupitishwa na Wabunge haujawa sheria bado. Hungoja kibali cha Rais. Rais akikataa huurudisha pamoja na sababu zake. Wabunge wakiupitisha tena kwa theluthi mbili, yampasa Rais autie sahihi katika siku 21, au alivunje Bunge. Wabunge wenyewe si wa namna moja. Wako waliochaguliwa majimboni, mathalan huyu wa Morogoro Mjini tunayempigia kura sisi wa Mwembesongo. Wako wanawake wa viti maalum. Wako watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Yuko Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na wako wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984 na hilo Baraza lake kwa mambo yasiyo ya Muungano.

Tusimsahau diwani wetu naye. Yeye hakai katika Bunge, ila katika baraza la Manispaa, na baraza lile hutunga sheria ndogo za usafi, masoko na ushuru. Basi sheria zina daraja zake. Sheria ndogo ya Manispaa haiwezi kupingana na sheria ya Bunge, na sheria ya Bunge haiwezi kupingana na Katiba. Ibara ya 64 yaeleza wazi kwamba sheria yo yote ikikiuka Katiba, Katiba ndiyo yenye nguvu, na sheria ile ni batili kwa kadiri inavyoikiuka.

Watu wa huku milimani walikwisha kuonja taabu ya kutawaliwa na sheria wasizokuwa na neno ndani yake. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, lakini wote walioketi ndani yake waliteuliwa, na Waafrika wa kwanza, watemi Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945 tu. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika 1958 na 1959. Katikati ya miaka hiyo, Serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta katika mashamba yao ya mlimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Kuulinda udongo kulikuwa jambo jema, na asiyeona hivyo na atazame mito yetu wakati wa masika. Lakini kazi ile ilikuwa nzito, na mavuno hayakuonekana kuzidi kwa ajili yake. Tena wenye mashamba hawakuwa na mjumbe waliyemchagua wenyewe ambaye wangempelekea shauri lao, wala hapakuwa na Katiba iliyowapa haki ya kulidai mahakamani. Mwaka 1955 zikatokea ghasia, na mpango ule ukaachwa. Watu walikosa vyote viwili, Bunge na Katiba, wakabaki na njia ya ghasia peke yake.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilipata Bunge lake na Katiba yake. Mwaka 1962 Bunge lile lile likajigeuza kuwa Bunge la Katiba, likatunga Katiba ya Jamhuri, iliyoanza tarehe 9 Desemba mwaka huo. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ikafuata Katiba ya Muda ya 1965, iliyoweka chama kimoja. Kisha Katiba ya 1977, iliyotungwa na Bunge Maalum mwezi Aprili mwaka huo. Wananchi hawakuipigia kura hata moja ya Katiba hizo.

Hapa yafaa tutue kidogo. Katika Katiba zile za kwanza haki za mtu hazikuwekwa kama sheria ambayo mahakama ingeweza kuishika. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu Rais kumweka mtu kizuizini pasipo kumfikisha mahakamani. Bunge lilikuwako, Wabunge walikuwa watu wetu wenyewe, na sheria ilipitishwa kwa taratibu zake zote, lakini aliyefungwa hakuwa na andiko kuu la kushika na kusema, "Jambo hili hamna mamlaka ya kulitenda." Haki hizo ziliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya 1984, na hata hapo mahakama zilizuiwa kuzitumia hadi mwezi Machi 1988. Kwa hiyo anayesema kwamba palipo na Bunge hapana haja ya Katiba nzuri, na akumbuke miaka ile.

Nitaleta sasa mashauri mawili ya kweli, maana mtu huelewa zaidi akiona neno likitenda kazi. La kwanza linawahusu hasa wazazi, na walimu wanaofundisha vijana waliokaribia kuoana. Mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa. Sheria ile ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, hata miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Lakini kwa mvulana iliweka miaka 18. Mwanasheria mmoja, Rebeca Gyumi, alipeleka shauri Mahakama Kuu akisema kwamba vifungu vile vyapingana na Katiba, kwa kuwa Katiba yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubali maneno yake. Serikali ikakata rufani, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu ile.

Angalieni vema kilichotendeka. Mahakama haikusema kwamba Wabunge wa 1971 walikuwa watu wabaya, wala haikutunga sheria mpya, maana hiyo si kazi yake. Ilichukua sheria ya Bunge, ikaiweka kando ya Katiba, ikaona kwamba hazipatani, ikatoa muda wa mwaka mmoja ili wenye kazi ya kutunga wairekebishe. Mtu mmoja asiyekuwa Mbunge, akiwa na Katiba mkononi, alisimama mbele ya sheria iliyokaa zaidi ya miaka 40, akasikilizwa. Kama Bunge na Katiba vingalikuwa kitu kimoja, shauri hili lisingaliwezekana kabisa, Bunge lingalijibu, "Sisi ndio tulioitunga, basi ni halali."

Shauri la pili ni gumu kuliko hilo, tena halikuisha kwa namna ya kupendeza. Mwaka 1992 Katiba ilibadilishwa ili kuruhusu vyama vingi, na palikuwa na sharti kwamba kila agombeaye Urais au Ubunge awe ametolewa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu ya Dodoma, akasema kwamba Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 21, yampa kila raia haki ya kushiriki katika kutawala nchi yake, naye asiye na chama ni raia pia. Mwezi Oktoba 1994 Jaji Lugakingira alikubali kwamba mtu aweza kugombea pasipo chama. Mnaweza kudhani kwamba shauri liliishia hapo, kama lile la kwanza. Siyo. Kabla mwaka ule haujaisha Bunge lilipitisha mabadiliko ya Katiba yenyewe, likaifunga ile Ibara ya 21 kwa sharti la chama. Jaji alisema sheria haipatani na Katiba. Bunge halikuibadili sheria ipatane na Katiba, bali liliibadili Katiba ipatane na sheria.

Je, Bunge lilivunja Katiba? Kwa utaratibu, hapana. Ibara ya 98 yaliruhusu Bunge kubadili Katiba, ila si kwa wingi wa kawaida. Sheria ya kawaida yatosha kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wanaopiga kura. Mabadiliko ya Katiba yahitaji theluthi mbili ya Wabunge wote. Na mambo mengine, kama vile kuwako kwa Muungano wenyewe, yahitaji theluthi mbili ya Wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya Wabunge wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Basi mlango wa Katiba una kufuli, lakini ufunguo umo katika mfuko wa Bunge. Ndipo watu wakauliza: kama chama kimoja kina zaidi ya theluthi mbili ya viti, kufuli hii yamzuia nani? Mimi naona swali lile lilikuwa la haki, na ingefaa liulizwe hata na walio katika chama kikubwa, kwa kuwa wingi wa viti hubadilika.

Mchungaji Mtikila hakuchoka. Alirudi mahakamani mwaka 2005, na mwezi Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa haki. Mwezi Juni 2010 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ile, ikasema kwamba mahakama haina uwezo wa kubatilisha kifungu cha Katiba, na kwamba jambo la mgombea asiye na chama ni la Bunge kuamua. Akaendelea mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, nayo mwezi Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zilizomo katika Mkataba wa Afrika. Mchungaji alifariki kwa ajali ya gari mwezi Oktoba 2015. Sharti la chama lilikuwako bado katika uchaguzi wa 2020.

Wenzetu wa Kenya waliifunga kufuli yao kwa namna nyingine. Katiba yao ya 2010, waliyoipigia kura tarehe 4 Agosti mwaka huo, yasema kwamba yako mambo makubwa, kama vile haki za raia na muda wa Rais, ambayo Bunge peke yake haliwezi kuyabadili. Lazima wananchi wenyewe wapige kura ya maoni. Kwao ufunguo mmoja uko Bungeni, na wa pili uko kijijini.

Imebaki kueleza neno moja linalowachanganya watu kuliko mengine yote, nalo ni Bunge Maalum la Katiba. Hili si Bunge la kila siku. Ni mkutano unaoitwa kwa kazi moja tu, kuijadili na kuitunga Katiba, kisha huisha. Lilipoketi Dodoma kuanzia mwezi Februari 2014 lilikuwa na Wabunge wote, na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na watu wengine 201 walioteuliwa kutoka katika makundi mbalimbali, na wa dini wakiwamo. Mbele yake iliwekwa rasimu ya Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ambayo ilikuwa imezunguka nchini kukusanya maoni ya watu, na iliyopendekeza serikali tatu katika Muungano. Mabishano yalikuwa makali. Mwezi Aprili wajumbe wengi wa upinzani walitoka nje wasirudi. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014, yenye serikali mbili kama zamani. Kura ya maoni ilikuwa imepangwa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, wala haikufanyika. Kwa sababu hiyo Katiba ya 1977, pamoja na mabadiliko yake mengi, ndiyo iliyobaki kuwa Katiba ya nchi.

Mtaona kwamba katika Bunge lile Maalum waliokuwa wengi zaidi walikuwa Wabunge wale wale wa kila siku. Wako waliosema ni vema, maana hao wamechaguliwa na wananchi. Wako waliosema si vema mtu kuandika mwenyewe masharti yatakayomfunga. Kila upande ulikuwa na hoja, nami sitaamua hapa. Ila yeye asiyejua Bunge ni nini na Katiba ni nini hawezi hata kuisikia hoja yenyewe.

Walimu watakaopenda kulisoma somo hili pamoja na vijana na watafute Katiba katika Kiswahili, maana imechapishwa katika lugha yetu wala si ngumu kama watu wasemavyo. Waanze na Ibara ya 12 hadi ya 24, zinazotaja haki. Kisha Ibara ya 62 hadi ya 66, zinazoeleza Bunge. Kisha ya 97 na ya 98, wazilinganishe, waone jinsi sheria inavyotungwa na jinsi Katiba inavyobadilishwa. Halafu warudi nyuma kidogo, wasome Ibara ya 26. Ndiyo inayompasa kila mtu kuifuata Katiba na sheria, tena ndiyo inayompa kila mtu, awe wa Mwembesongo au wa Kinole, haki ya kuchukua hatua kwa utaratibu wa sheria ili Katiba ilindwe.